Pikipiki Kuukuu Inapogoma: Namna ya Kutafuta Kasoro kwa Utaratibu

Si ajabu siku hizi kukuta pikipiki imesimama nje ya nyumba za wazazi wengi. Moja hupeleka maziwa alfajiri, nyingine hubeba abiria, na nyingine humpeleka mama zahanati usiku ambapo hakuna gari. Aghalabu si mpya. Zimekwisha kupita katika mikono ya watu wawili au watatu, na kila mmoja amezitengeneza kwa namna yake. Katika nyumba ambayo sare, madaftari na nauli ya watoto hutoka katika pikipiki, chombo kikilala siku tatu kwa fundi hasara huwa mbili: fedha za vipuri zimetoka, na fedha za kazi hazikuingia.

Tena mara nyingi fedha hizo hazipotei kwa sababu chombo kimeharibika sana. Hupotea kwa kubahatisha. Pikipiki ikikataa kuwaka, plagi hubadilishwa. Isipowaka, koili hubadilishwa. Isipowaka bado, hununuliwa kabureta nzima. Mwisho huonekana kwamba kilichokosekana ni kusafisha kijitundu kimoja kidogo. Hapana mashine inayogoma bila sababu, na sababu yaweza kutafutwa hatua kwa hatua, kama tunavyotafuta jibu la hesabu darasani. Makala haya yaeleza hatua hizo. Yatawafaa wavulana na wasichana, na mzazi atakayeyasoma ataweza kumweleza fundi wake kasoro iko wapi badala ya kumwambia tu, "Tazama, haiwaki."

Pikipiki tutakayoichukua kuwa mfano

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki iitwayo CG125. Ina silinda moja ya sentimita za ujazo 124, nayo hupozwa kwa upepo tu. Waliounda injini hiyo walijua kwamba itatumika katika nchi zenye barabara mbovu, na kwamba wengi hawataihudumia mara kwa mara. Kwa hiyo valvu zake husukumwa kwa vijiti viwili vya chuma kutoka chini, wala hakuna mnyororo mrefu ndani ya injini wa kukazwa au kukatika. Baadaye viwanda vingi vya Uchina viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za mizigo na abiria hapa Afrika Mashariki zina injini ya namna hiyo. Basi yatakayosemwa hapa yanahusu aina hiyo hasa, ingawa pikipiki nyingine ndogo hazitofautiani nayo sana. Kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha maelekezo cha kiwanda, vipimo vyake ndivyo vya kufuatwa.

Mambo matatu ambayo injini hutaka

Injini ya pikipiki hii hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Kisha hupanda na kuushindilia. Cheche ya plagi huuwasha, nao unapoungua husukuma pistoni chini kwa nguvu. Mwishoni pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Kutokana na hatua hizo twaona kwamba injini yataka mambo matatu: petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mshindilio mzuri, ambao mafundi huuita kompresheni. Mambo hayo yakiwapo yote matatu, ni lazima injini iwake. Ikikataa, moja halipo. Kazi yetu ni kujua ni lipi kabla ya kufungua mkoba wa fedha.

Maswali kabla ya spana

Kwanza tazama na kuuliza. Je, petroli imo? Usiamini mshale, fungua tangi utazame kwa macho, wala usimulike kwa kibatari au kiberiti. Koki ya petroli imefunguliwa? Kitufe chekundu cha kuzima injini, kilichoko kwenye mpini wa kulia, kimo mahali pake? Watoto hupenda kukichezea, na watu wazima wamekwisha kusukuma pikipiki mwendo mrefu kwa ajili yake. Je, kichwa cha waya wa plagi kimeshika vizuri?

Pili, uliza ni nini kilichotokea kabla ya kasoro kuanza. Kama pikipiki imeoshwa jana, shuku maji kwenye waya. Kama imewekewa petroli ya chupa njiani, shuku uchafu au maji katika petroli. Kama imesimama tangu muhula uliopita, shuku petroli iliyochakaa ndani ya kabureta. Kama kuna mtu aliyeitengeneza juzi, anza pale alipotia mkono. Kasoro nyingi hukaa karibu na mahali palipoguswa mwisho.

Kupima cheche

Ondoa plagi, uivike kichwa cha waya wake, kisha ulaze chuma cha plagi juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Kabla ya hapo funga koki ya petroli, futa petroli yoyote iliyomwagika, na uzibe tundu la plagi kwa kitambaa, kwani mvuke wa petroli ukitoka hapo waweza kushika moto. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, kwa maana umeme wake ni wa maelfu ya volti. Washa swichi, piga kiki, na utazame mahali penye kivuli. Cheche nzuri ni ya buluu nyeupe, nayo husikika ikialika. Cheche nyembamba ya rangi ya machungwa ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, jaribu plagi nyingine unayojua kwamba ni nzima. Plagi hiyo ikitoa cheche, umepata jibu kwa bei ndogo. Isipotoa, fuata waya kutoka kwenye plagi hadi koili, kutoka koili hadi swichi, na kwenye kila kiungo. Mara nyingi utaona kutu, waya uliokatika ndani ya ngozi yake, au kiungo kilicholegea.

Wengi hudhani kwamba betri ikifa hapawezi kuwa na cheche. Katika pikipiki nyingi za aina hii sivyo. Cheche hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili iliyo kando ya magineti, na betri ni ya taa, honi na stata. Kwa hiyo betri ikiwa imekufa lakini kiki inapigika, usikimbilie kununua betri.

Plagi yenyewe hutoa habari nyingine. Ncha yake ikiwa ya kahawia kama biskuti, injini inaungua vizuri. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Huenda chujio la hewa limeziba au choki imesahauliwa. Ikiwa imelowa petroli, petroli inafika lakini haiwashwi. Ikiwa na utelezi mweusi wa oili, oili inaingia mahali pa kuungulia. Ikiwa nyeupe kabisa, hewa imezidi na injini inapata joto kupita kiasi. Nafasi katika ncha za plagi ya CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ikipanuka sana kwa kuchakaa, cheche hushindwa kuiruka.

Kufuata petroli kama mto

Ikiwa cheche ni nzuri, geukia petroli. Ifuate kutoka juu hadi chini, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta mahali ulipoziba. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka kopo chini yake, fungua koki, kisha ulegeze skrubu hiyo. Petroli ikitiririka bila kukoma, njia kutoka tangi hadi kabureta ni wazi. Ikitoka kidogo kisha ikakoma, kizuizi kiko juu: kwenye koki, kwenye chujio lake, au kwenye mfuniko wa tangi.

Petroli uliyoikinga usiitupe. Itie katika chupa nyeupe ya kioo na uiache itulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kama maji yamo utayaona chini yamejitenga, kama tulivyojifunza katika somo la fizikia. Tone dogo la maji likikaa katika tundu la jeti latosha kuizima injini nzima.

Jeti ni kijitundu cha shaba ndani ya kabureta kinachopimia petroli. Kabureta hii ina jeti mbili, na kila moja ina dalili zake. Ile ndogo hulisha injini inaponguruma polepole. Ikiziba, pikipiki huwaka kwa choki tu, nayo huzimika mara choki inapoondolewa au mkono unapolegeza moto. Ile kubwa hulisha injini inapokimbia. Ikiziba, pikipiki huwaka na kunguruma vizuri, lakini ukiongeza moto hukohoa na kukosa nguvu. Mwenye kuzijua dalili hizi hujua jeti ya kusafisha kabla ya kufungua kitu. Isafishe kwa petroli safi na upepo wa pampu. Usiichokonoe kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo kipimo chake kimeharibika, na pikipiki itakula petroli daima.

Kama petroli inavuja kutoka kwenye kabureta, tazama boya na sindano yake. Boya huelea, bakuli likijaa huisukuma sindano ili izibe njia. Uchafu ukikaa chini ya sindano, njia haizibi. Tena tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka na halielei tena. Unapofungua kabureta, tandika kitambaa cheupe chini, upange vipande kwa mfuatano ulivyovitoa. Skrubu ndogo ya hewa iliyoko ubavuni usiitoe kabla hujaikaza taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko yake na kuiandika, ili uirudishe palepale.

Kupima mshindilio

Cheche ikiwapo na petroli ikiwapo, limebaki jambo la tatu. Ondoa plagi, weka kidole gumba juu ya tundu lake, na mwenzako apige kiki huku swichi imezimwa. Upepo unapaswa kukisukuma kidole kwa nguvu usiweze kuuzuia. Kama wapita taratibu, mshindilio ni dhaifu. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini katika tundu la plagi, piga kiki mara chache ili isambae, kisha upime tena. Nguvu ikiongezeka wazi, ringi za pistoni au silinda zimelika, kwa maana oili imeziba nafasi zao kwa muda. Isipoongezeka, shuku valvu.

Kabla ya kufungua kichwa cha injini, pima nafasi ya valvu. Hii ndiyo huduma inayosahauliwa kuliko zote. Kati ya valvu na mkono unaoisukuma huwekwa nafasi ndogo, nayo katika CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Hupimwa kwa kibati chembamba kilichoandikwa kipimo chake, wakati pistoni iko juu mwishoni mwa kushindilia, ambapo alama ya T kwenye gurudumu la magineti imelingana na alama ya kwenye injini. Kibati kipite kwa kukwaruza kidogo, bila kubanwa na bila kucheza.

Hapa lipo jambo ambalo hudanganya watu wengi. Valvu yenye nafasi kubwa mno hulia tik-tik-tik, na mwenye pikipiki huihangaikia. Valvu iliyobana hunyamaza, naye hufurahi kwamba injini imetulia. Kumbe iliyobana ndiyo ya hatari zaidi. Haifungi sawasawa, moto hupita kwenye ukingo wake, mshindilio hupungua, na mwishowe valvu huungua. Kwa hiyo fundi akikaza valvu "ili injini isilie," mwulize kibati chake kiko wapi.

Dalili moja, visababu viwili

Tuchukue mfano mmoja kuona utaratibu unavyosaidia. Tuseme pikipiki huwaka vizuri asubuhi, huenda kilomita tano au sita, kisha huzimika. Ikiachwa robo saa kando ya njia, huwaka tena, na baada ya mwendo huzimika tena. Dalili hiyo yaweza kuletwa na mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni koili, au kile kisanduku cha umeme kiitwacho CDI, ambacho hushindwa kinapopata joto na hupona kikipoa. La pili ni tundu dogo la hewa katika mfuniko wa tangi. Petroli inaposhuka, hewa inapaswa kuingia juu yake. Tundu likizibwa na vumbi, hewa haiingii, petroli haishuki, na kabureta hukauka. Pikipiki inaposimama, hewa hupenya kidogo kidogo, na injini huwaka tena. Koili ni ya kununua; tundu husafishwa bure.

Jinsi ya kutofautisha ni rahisi. Pikipiki ikizimika njiani, fungua mfuniko wa tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka baada ya muda mfupi, kasoro ni tundu. Kama sivyo, pima cheche saa hiyohiyo, kabla injini haijapoa. Mtu anayeingoja mpaka ifike kwa fundi ikiwa baridi atakuta kila kitu ni kizima, na fundi naye atabaki kukisia.

Moshi na nguvu

Rangi ya moshi husema. Moshi mweusi ni petroli nyingi: safisha chujio la hewa kwanza, kwa kuwa barabara zetu ni za vumbi. Usiliondoe chujio moja kwa moja, kama wafanyavyo wengine ili injini ipige kelele. Vumbi likiingia husaga silinda kama msasa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo unapowasha asubuhi kisha ukakoma, aghalabu ni mipira ya kwenye valvu. Ukitoka mfululizo unapopanda mlima, aghalabu ni ringi. Mvuke mweupe wakati wa baridi, unaokwisha injini ikipata joto, si kasoro. Ni maji yatokanayo na kuungua kwa petroli.

Injini ikipiga kelele zaidi huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Kabla ya kununua sahani za klachi, tazama waya wake. Ncha ya mkono wa klachi yafaa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kukaza. Isipocheza kabisa, klachi haishiki vema. Jambo la pili ni oili. Klachi ya pikipiki hii huoga katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za motokaa zina dawa za kupunguza msuguano zinazoifanya iteleze. Tumia oili ya pikipiki.

Oili hiyo ni chini kidogo ya lita moja, nayo hulainisha injini, gia na klachi pamoja. Injini ya CG125 haina chujio la karatasi la kubadilisha. Ina wavu wa chuma na kikombe kinachozunguka na kutupia uchafu pembeni. Kwa hiyo kubadilisha oili kwa wakati ndiyo dawa yake kubwa. Pima kila baada ya siku chache, na usingoje mpaka injini igonge. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umeme na taa

Fyuzi ikiungua, weka nyingine yenye kipimo kilekile cha ampea. Kuizungushia karatasi ya sigara au kutia msumari ni kuondoa mlinzi mlangoni. Waya ndio utakaoungua, pengine na pikipiki yote. Fyuzi mpya ikiungua tena, tafuta waya uliochubuka. Anza kwenye shingo ya usukani, ambapo nyaya hukunjwa kila pikipiki inapogeuka. Taa zikififia zote pamoja, safisha kiungo cha waya wa ardhi kwenye fremu.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kiasi cha volti 12.6. Injini ikiongezwa moto yapasa isome volti 14 hivi. Isipopanda, haichajiwi, ikipita 15, inachajiwa mno na maji yake yatakauka. Betri ya maji huongezwa maji yaliyotoneshwa tu, si ya bombani, na moto usikaribie, kwani hutoa gesi ya haidrojeni.

Yasiyongoja

Yote tuliyosema hadi hapa, yakikosewa, hugharimu fedha. Yanayofuata hugharimu maisha.

Breki za pikipiki hizi kwa kawaida ni za ngoma. Mkono wa breki ya mbele na kanyagio la nyuma vicheze milimita 20 hadi 30, kisha vishike. Ukikaza nati hadi mwisho na breki bado hazishiki, viatu vyake vimekwisha, badilisha. Viatu vilivyoingiwa na oili havisafishiki vikaaminika. Unapofungua ngoma, usipulize vumbi lake kwa mdomo, kwani viatu vingine, hasa vya zamani, vina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Mnyororo ucheze milimita 20 hadi 30 katikati. Zungusha gurudumu na upime mahali unapobana kuliko pote, maana mnyororo haulegei sawa kila mahali. Ukikaza mno huharibu beringi; ukilegeza mno hutoka na kufunga gurudumu la nyuma njiani. Alama za pande mbili za gurudumu zilingane. Kile kibanio cha kiungo cha mnyororo kina upande uliofumbwa na upande wenye mwanya. Uliofumbwa utangulie kule mnyororo unakokwenda, ili kisichomolewe. Ukimaliza, pima tena breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu likisogea nayo hubadilika.

Tena usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Katika moshi wake mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa kwayo bila kujua.

Mpaka wa kazi yetu

Mwanafunzi mwangalifu aweza kusafisha plagi, kabureta na chujio, kubadilisha oili, kurekebisha nyaya za klachi na breki, kukaza mnyororo, na kwa kuelekezwa mara moja, kupima valvu. Kufungua gia, kubadilisha ringi, kuchonga silinda na kusaga valvu ni kazi za fundi mwenye vifaa. Hakuna aibu kumpelekea. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayemwambia fundi, "Cheche ni nzuri, petroli inafika, mshindilio ni dhaifu, na ukitiwa oili unaongezeka," na mtu anayemkabidhi ufunguo na kuondoka. Wa kwanza atatengenezewa ringi. Wa pili aweza kutengenezewa kila kitu isipokuwa ringi.

Mwisho, ninashauri kila nyumba yenye pikipiki iwe na daftari moja la kurasa chache. Andikeni tarehe, kilomita, oili iliyobadilishwa, nafasi ya valvu, plagi mpya, na kasoro iliyoonekana pamoja na dawa yake. Mzazi asiye na nafasi ya kuandika anaye mtoto wa sekondari. Daftari hilo litawaonyesha kama oili inapungua haraka kuliko mwezi uliopita, au kama mnyororo unakazwa kila wiki na sasa umekwisha. Pia litakuwa shahidi siku mtakapoiuza, kwa maana mnunuzi huthamini chombo ambacho habari zake zimeandikwa.

Kalamu, kibati cha kupimia, spana tatu, bisibisi na kitambaa cheupe havigharimu hata nusu ya bei ya kabureta. Likizo inakuja. Anza na pikipiki ya nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe, injini ikiwa baridi.